Pembe 314 za Tudor: kesi ilivyoshinda Shanzu ikaanguka kwenye rufaa

Mwanzoni mwa Juni 2014 makachero waliingia yadi moja ya magari mtaani Tudor, hapa Mombasa, wakakuta pembe za ndovu. Zilipohesabiwa zilitimia vipande 314: pembe nzima 228, na 86 zilizokatwa. Uzito wake wote ulikuwa kilo 2,152. Ukigawanya, kila kipande kinakuja karibu kilo saba, sawa na mtoto wa miezi sita. Na kwa kuwa ndovu hazidi pembe mbili, zile nzima 228 peke yake ni ndovu 114 wasiopungua, hata tukijalia kila pembe ilikuwa na mwenzake mle mle ndani.

Siku hizo hizo, bila sisi kujua, Satao alikuwa ameshakufa. Alikuwa dume wa Tsavo Mashariki aliyejulikana kwa pembe ndefu zilizokaribia kugusa ardhi. Alipigwa mshale wa sumu, mzoga wake ukapatikana mwisho wa Mei, na taarifa ikatolewa katikati ya Juni, kwa sababu uso ulikuwa umekatwa vibaya hata kumtambua ilikuwa kazi. Sisemi pembe zake ziliishia Tudor. Nasema tu kwamba Tsavo si mbali na kwetu. Ukipanda basi la Nairobi pale Mwembe Tayari, Voi unaifikia kabla usingizi haujakolea, na njia hiyo hiyo ndiyo inayoshuka hadi bandarini Kilindini.

Kisa hiki nimekuwa nikikitumia kwa miaka kadhaa kufundishia wasaidizi wa sheria wa mitaani, vijana na akina mama wanaowasindikiza watu polisi na mahakamani. Nakipenda kwa kufundishia kwa sababu kinauma. Kila kitu ambacho watu hudai kiwepo kilikuwepo: sheria mpya, adhabu kubwa, mzigo uliokamatwa, mtu kizimbani, macho ya dunia nzima. Na bado mwisho wake haukuwa ule uliotarajiwa.

Mfanyabiashara mmoja wa Mombasa alitafutwa kuhusiana na mzigo huo. Mnamo Novemba 2014 Interpol ilimtaja miongoni mwa watoro wanaosakwa kwa makosa ya mazingira, na Desemba mwaka huo akakamatwa Dar es Salaam akarudishwa Kenya. Kesi ilisikilizwa, na tarehe 22 Julai 2016 Hakimu Diana Mochache wa mahakama ya Shanzu akamhukumu kifungo cha miaka 20 na faini ya shilingi milioni 20. Walioshtakiwa pamoja naye waliachiliwa. Tarehe 3 Agosti 2018 Jaji Dora Chepkwony wa Mahakama Kuu ya Mombasa akaikubali rufaa yake, akaifuta hukumu na kuamuru aachiliwe.

Jina lake siliandiki. Mahakama Kuu imemtoa hatiani, na mbele ya sheria hana kosa. Sitaki makala yangu iwe kizimba cha pili. Swali langu ni jingine: kwa nini sheria iliyopigiwa vigelegele ilipofika kwenye mzigo mkubwa kiasi hiki haikumpata mtu wa kumshikilia?

Sheria ilikotoka

Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwezi Mei 1977, na mwaka uliofuata biashara ya nyara, yaani pembe, ngozi na viungo vingine vya wanyamapori, nayo ikafungwa. Sheria ya wanyamapori iliyokuwa ikitumika ni ile ya 1976, na kwa muda mrefu meno yake yalikuwa butu. Kosa kubwa la nyara liliweza kumalizika kwa faini isiyozidi shilingi 40,000. Sasa weka hapo bei. Mwanzoni mwa 2014 kilo moja ya pembe mbichi ilikuwa ikiuzwa China kwa takriban dola 2,100. Kipande kimoja cha kilo saba, kama vile vya Tudor, kikifika huko kilikuwa na thamani ya zaidi ya shilingi milioni moja za Kenya. Kwa mfanyabiashara wa pembe, faini ya 40,000 ilikuwa kama kodi ndogo ya njiani.

Ndipo ikaja Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013, iliyoanza kazi tarehe 10 Januari 2014. Kifungu cha 92 kikasema kosa linalohusu mnyama aliye hatarini kutoweka, au nyara yake, adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 20, au kifungo cha maisha, au vyote viwili. Kutoka 40,000 hadi milioni 20. Nakumbuka watu walivyoshangilia, na mimi nikiwemo.

Haukupita mwezi, msafiri mmoja raia wa China akanaswa uwanja wa ndege wa Nairobi akiwa na pembe moja ya kilo 3.4 kwenye sanduku lake. Alikiri kosa. Tarehe 28 Januari 2014 akahukumiwa faini ya milioni 20 au kifungo cha miaka saba. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kuonja sheria mpya.

Ziweke kesi hizi mbili pamoja. Kule ni pembe moja, na mtu ameishika mkononi mwake, sanduku lina jina lake, pasipoti ni yake. Hapa ni pembe 314, na hakuna aliyezishika. Zimelala tu chini ya paa la yadi.

Neno "kumiliki"

Hapa ndipo mahali pa kukaa na kisa hiki, kwa sababu ndipo wanafunzi wangu hukwama wote. Ukiwauliza, "Pembe zilikuwa za nani?" watakujibu kwa haraka: za mwenye yadi. Haya, mwenye yadi ni nani? Aliyeandikwa kwenye leseni? Aliyekodi uwanja? Anayelipa kodi ya mwezi? Mwenye ufunguo wa kufuli? Au mwenye gari lililoleta mzigo?

Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 4, inalieleza neno kumiliki kwa upana mzuri. Si lazima kitu kiwe mkononi mwako. Ukijua kwamba kiko kwa mtu mwingine, au umekiweka mahali popote, pawe pako au si pako, kwa matumizi yako au ya mwingine, basi sheria inakuhesabu unacho. Mtego wa sheria umetegwa vizuri, lakini ndani yake kuna neno moja linalotaka jasho: kujua. Upande wa mashtaka lazima uonyeshe kwamba mtu huyu alijua, na kwamba kati yake na mzigo kuna uzi unaoonekana. Na Katiba, ibara ya 50, inasema mshtakiwa ahesabiwe hana hatia mpaka kinyume chake kithibitishwe. Kazi ya kuufuma uzi huo ni ya anayeshtaki, mwanzo hadi mwisho.

Sasa ijue yadi ya magari ya Mombasa. Magari yameshuka melini kutoka Japani, yamepangwa bampa kwa bampa. Mengi si ya mwenye uwanja. Huyu kaacha mawili yauzwe kwa kamisheni, yule kaegesha moja akisubiri namba, mwingine kapangisha kontena la nyuma kama stoo. Madalali wanaingia na wateja, vijana wa kuosha wanaingia na ndoo, fundi wa rangi ana kona yake, lori linarudi nyuma usiku kushusha vipuri. Ukiuliza saa sita mchana nani ameingia tangu asubuhi, hakuna atakayekupa orodha.

Nilipita yadi nyingine, si ile ya kisa, nikitafuta gari la marehemu mjomba lililokuwa limeachwa huko na karatasi zake zimechanganyika. Langoni alikuwapo mlinzi, mtu mzima, na daftari lililofungwa kamba kwenye mguu wa meza.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu, karibu."

Nikafunua daftari. Ukurasa wa mwisho ulioandikwa ulikuwa wa majuma matatu nyuma. Dakika ile ile pikapu likatoka, akainua kamba, likapita.

"Mzee, na hili mbona huliandiki?"

"Mwanangu, nikikaa kuandika kila mmoja, nani atanifungulia lango?"

Hakuwa akinidharau. Yuko peke yake, mshahara wake mdogo, na hakuna aliyewahi kurudi kulisoma daftari lile. Lakini mimi niliondoka pale nikiifikiria Tudor. Ikiwa mzigo wa tani mbili umepita lango kama hili, basi jina la aliyeuleta liko kichwani mwa mtu mmoja au wawili tu. Watu hao wasipopatikana mapema, wasipoandikishwa maelezo wakiwa bado wanakumbuka na bado hawajatishwa wala kununuliwa, kesi inaanza kufa siku hiyo hiyo mzigo unapokamatwa.

Kilichotakiwa kuwa mezani

Kuthibitisha kwamba kitu ni pembe ya ndovu si kazi kubwa. Niliwahi kuoneshwa kipande kilichokatwa kwa msumeno. Ukikigeuza upande wa mkato na kukielekeza kwenye mwanga, unaona mistari myembamba inayopishana, imesukana kama ukili wa mkeka. Hakuna mfupa wa ng'ombe wala plastiki iliyo na msuko ule. Mtaalamu anautazama, anaandika ripoti, anakuja kuapa mahakamani. Tangu 2015 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lina maabara yake ya uchunguzi jijini Nairobi, na hilo limerahisisha mambo.

Ugumu ni kielelezo kusafiri bila kupotea njia. Kila pembe yatakiwa namba yake, kwa kalamu isiyofutika, uzito wake, picha yake ikiwa pale ilipokutwa, na orodha iliyotiwa saini na waliokuwepo. Kisha kila inapohama mikono, kutoka yadi hadi kituo, kutoka kituo hadi stoo, kutoka stoo hadi kwa mtaalamu, lazima kuwe na jina na tarehe. Fanya hivyo mara 314. Wakati huo wapiga picha wamejaa langoni na wakubwa wanataka kusimama mbele ya kamera. Ninawaonea huruma askari wadogo wanaopewa kazi hii usiku kwa tochi ya simu, kisha miaka miwili baadaye wakili anawauliza kwa nini namba 117 na 118 zina mwandiko tofauti.

Rekodi za simu nazo siku hizi ndizo zinazotegemewa kuunganisha watu na mzigo. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inadai karatasi ya kompyuta iambatane na cheti cha mtu mwenye dhamana ya mtambo ule, akieleza rekodi ilivyotolewa. Ni karatasi moja tu, lakini bila hiyo unaweza kuwa na kurasa mia za nani alimpigia nani na jaji asizisome.

Mahakama Kuu ilipoupima ushahidi wa Tudor iliona una mianya, na kwamba haukutosha kumfunga mshtakiwa na mzigo ule kwa kiwango ambacho kesi ya jinai inadai. Wapo waliokasirika na hukumu hiyo mpaka leo. Mimi naiheshimu, na nawaambia wanafunzi wangu waiheshimu. Tukikubali mtu afungwe miaka 20 kwa sababu ndovu wanatuuma moyoni, kesho kijana wa Kisauni atafungwa kwa sababu jambo jingine linamuuma mtu mwingine. Hasira yangu ina pa kwenda: kwenye saa ile ya kwanza ya uchunguzi, na kwenye siku zilizoifuata.

Marekebisho ya 2018

Mwaka huo huo wa rufaa, Bunge likakigusa tena kifungu cha 92. Kulikuwa na sababu nzuri. Sheria ya 2013 ilikuwa na kifungu kingine, cha 95, kilichosema mwenye nyara bila kibali atozwe faini isiyopungua milioni moja au afungwe miaka isiyopungua mitano. Pembe ya ndovu ni nyara, na ndovu ni mnyama aliye hatarini. Basi mtu aliyekutwa na pembe ile ile angeweza kushtakiwa kwa 95 akatozwa milioni moja, au kwa 92 akatozwa milioni 20. Mahakimu walipata taabu na mgongano huu, na mawakili waliutumia ipasavyo.

Marekebisho yakapanga makosa kwa aina. Kwa wanyama walio hatarini au walioorodheshwa Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kuua ni kifungo kisichopungua miaka mitano. Kufanya biashara ya nyara zao ni faini isiyopungua shilingi milioni 100, au kifungo kisichopungua miaka 20, au vyote. Kukutwa nazo tu bila kibali ni faini isiyopungua milioni tatu, au miaka isiyopungua mitano, au vyote.

Nakubali kwamba huu ni mpangilio wa akili zaidi. Mpagazi aliyekutwa na kipande kwenye gunia hawekwi tena kapu moja na mwenye kontena. Ila milioni tatu kwa mpagazi ni sawa na milioni mia. Hana, ataingia ndani. Mwenye kontena ndiye ambaye ile milioni mia ilitungwa kwa ajili yake, na yeye ndiye aliye mbali zaidi na pembe. Kati yake na mzigo kuna dereva, kuli, wakala wa forodha, kampuni iliyoandikishwa kwa jina la shemeji, na simu iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mtu aliyeko Garsen. Kadiri mzigo unavyokuwa mkubwa ndivyo mikono inavyozidi katikati. Bunge lilipandisha adhabu mara ya kwanza, likaipandisha mara ya pili, na umbali huo ukabaki vile vile.

Usidhani kwamba mlango ulifungwa kesi ikiendelea. Kati ya Aprili na Mei 2015, wakati kesi ya Tudor iko mahakamani bado, Thailand ilikamata tani tatu za pembe na Singapore tani 3.7, zote kwenye makontena yaliyotoka Mombasa na kuandikwa kwamba yamebeba majani ya chai. Chai! Zao ambalo bandari yetu inalipitisha kila siku, na mnada wake uko hapa hapa mjini. Aliyechagua kuficha pembe kwenye chai aliijua Mombasa vizuri.

Kuna njia moja inayonipa matumaini, nayo imetoka kwa wanasayansi. Septemba 2018, mwezi mmoja baada ya rufaa, timu ya Samuel Wasser wa Chuo Kikuu cha Washington ilichapisha utafiti wa vinasaba vya mizigo 38 mikubwa ya pembe iliyokamatwa. Walikuta jozi 26 ambazo pembe moja iko kwenye mzigo huu na mwenzake iko kwenye mzigo mwingine kabisa, ndovu yule yule. Mizigo ya namna hiyo mara nyingi ilitoka bandari moja, kwa nyakati zilizokaribiana. Kwa hesabu hizo wakaonyesha mitandao mitatu mikubwa ya wakati ule: mmoja Mombasa, mmoja Entebbe, mmoja Lomé kule Togo. Utafiti huo hauwezi kusema ufunguo wa yadi alikuwa nao nani. Lakini unaweza kumwambia mwendesha mashtaka kwamba mzigo uliokamatwa leo ni ndugu wa uliokamatwa mwaka jana, na kwamba karatasi za mizigo yote miwili zisomwe pamoja: nani alilipia kontena, nani aliweka lakiri, namba gani ya simu inajirudia.

Ndiyo maana siku hizi darasani siwaanzishii kifungu cha 92. Ninawapa picha ya lango la yadi na saa moja, waandike watu wote wa kuhojiwa kabla jua halijatua na karatasi zote za kuchukuliwa kabla hazijapotea. Mara ya kwanza waliandika watu watatu. Mama mmoja wa Likoni, ambaye mumewe ni dereva wa lori, alifika watu 19, akiwemo muuza kahawa wa nje ya lango.

Kwa mzee wa yadi nilirudi mwezi uliofuata, karatasi za mjomba zilipokamilika. Nilimpelekea daftari jipya lenye mistari na kalamu mbili. Nilipopita tena alikuwa amejaza kurasa nne. Namba za magari anaziandika, na saa. Majina ya madereva bado.